Kabla hujanunua pampu ya kukamulia maziwa, tazama kama inaoshika

Leo safu yetu ya afya na usafi inazungumza na mama anayenyonyesha ambaye likizo yake inakaribia kwisha. Inazungumza pia na baba wa mtoto, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayetumwa dukani, na akifika huko huchukua kile anachoonyeshwa na muuzaji.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Likizo hiyo anaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Piga hesabu mwenyewe. Aliyeianza mapema atarudi kazini mtoto akiwa na miezi miwili tu. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka miwili au zaidi. Kwetu sisi miaka hiyo miwili si habari mpya, imetajwa katika Suratul-Baqara, aya ya 233.

Kati ya siku 84 na miezi sita pana pengo, na ni katika pengo hilo ambapo mtoto huanzishiwa maziwa ya kopo au uji mwepesi kabla ya wakati wake. Pampu inanunuliwa ili kuliziba pengo hilo. Lakini pampu mbaya, au pampu nzuri isiyooshwa vizuri, inaweza kumletea mtoto maradhi yale yale ambayo maziwa ya mama yalikuwa yanamkinga nayo. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei, wala nguvu ya mashine. Liwe hili: je, kitu hiki nitaweza kukiosha chote?

Nani anaihitaji?

Si kila mama. Sheria hiyo tuliyoitaja inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake katika saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Mama ambaye kazi yake iko karibu na nyumbani, au ambaye anaweza kuletewa mtoto, azitumie saa hizo kunyonyesha. Hakuna mashine inayomzidi mtoto kwa kutoa maziwa. Mwenye duka lake au genge lake naye akae na mtoto, kama mama zetu walivyofanya.

Anayehitaji pampu ni yule anayetoka Mbagala kwenda kufanya kazi Mwenge, anayeondoka alfajiri na kurudi baada ya Magharibi kwa sababu ya foleni. Huyo hukaa mbali na mtoto saa kumi au zaidi kila siku. Titi lisipokamuliwa kwa muda wote huo, mwili huelewa kuwa maziwa hayatakiwi tena, nao hupunguza kuyatengeneza. Mama kama huyu azungumze na mwajiri wake kabla ya kurudi, si siku ya kwanza kazini, amwombe muda ule wa kunyonyesha autumie kukamua, pamoja na sehemu yenye faragha. Choo si mahali pake. Hatuli chakula chooni, na chakula cha mtoto kisiandaliwe humo.

Jifunze mkono kwanza

Hata kama pesa ya pampu unayo, jifunze kukamua kwa mkono. Umeme utakatika, betri itakwisha, kifaa kitasahaulika nyumbani, lakini mkono unakwenda nao kila mahali. Isitoshe, katika siku za mwanzo baada ya kujifungua mkono hufanya kazi vizuri kuliko pampu. Maziwa yale ya kwanza ya manjano ni mazito na ni machache, na ukiyavuta kwa pampu mengi huishia kuganda kwenye kifaa. Ukiyakamua kwa mkono juu ya kijiko safi, mtoto huyapata yote.

Namna yake ni hii. Nawa mikono kwa sabuni. Andaa kikombe au bakuli lenye mdomo mpana, lililooshwa na kuchemshwa. Likande titi taratibu kwa muda mfupi. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole viwili chini yake, kiasi cha sentimita tatu nyuma ya chuchu. Sukuma vidole kuelekea kifuani, kisha vibane pamoja, kisha achia. Rudia hivyo hivyo, bana na achia, bila kuburuta vidole juu ya ngozi na bila kuvuta chuchu. Kuvuta chuchu hakutoi maziwa, kunatoa machozi tu. Huenda dakika moja au mbili za mwanzo zisitoe kitu, usikate tamaa. Mtiririko ukipungua, zungusha vidole upande mwingine wa titi, kisha hamia titi la pili. Kazi nzima huchukua kama dakika 20 hadi 30. Ukitaka kuonyeshwa, mwombe muuguzi wa kliniki unakompeleka mtoto kupimwa uzito.

Wapo akina mama ambao mkono unawatosha kabisa na hawanunui chochote. Gharama yao inakuwa vyombo vya kuhifadhia maziwa tu.

Dukani

Tuanze na pampu ambayo hatukushauri uinunue. Ni ile yenye mpira wa kubonyeza, inayofanana na honi ya baiskeli. Bei yake ni ndogo, inapatikana hata kwa wauzaji wa kando ya barabara, na watu wengi huinunua kama zawadi kwa mzazi. Tatizo lake ni mpira wenyewe. Maziwa huweza kurudi nyuma na kuingia ndani yake, na humo ni giza, brashi haipiti, wala hapakauki vizuri. Siku ya pili unabonyeza tena, na mabaki ya jana yanakutana na maziwa ya leo. Pia nguvu ya mvuto wake haidhibitiki, na chuchu huumia. Kama umeshazawadiwa, mshukuru aliyekupa na uiweke mbali na maziwa ya mtoto.

Pampu ya mkono yenye mpini wa kubana ni jambo jingine kabisa. Hiyo hufunguka vipande vipande, haihitaji umeme, haina kelele, na mama ndiye anayeongoza kasi na nguvu ya mvuto. Kwa mama anayekamua mara moja au mbili kwa siku, kwa maoni yangu hiyo inatosha, na ndiyo ningeshauri ianze kununuliwa kabla ya kufikiria mashine. Udhaifu wake ni mkono kuchoka, na kwamba hukamua titi moja kwa wakati mmoja.

Ipo pia ya silikoni ya kipande kimoja, unayoiminya, unaibandika kwenye titi, nayo hujishika yenyewe. Hii hukusanya maziwa yanayochuruzika upande mmoja wakati mtoto ananyonya upande wa pili. Kuiosha ni rahisi kuliko zote. Lakini kwa saa kumi za kazini peke yake haitoshi akina mama wengi, na mtoto akiipiga teke maziwa yote yanamwagika.

Ya umeme inamfaa anayekamua mara tatu au zaidi kwa siku, hasa ile inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja, kwani humaliza kazi kwa kiasi cha dakika 15 hadi 20. Hapa yapo mambo ya kutazama kwa makini. Kwanza ni umeme wenyewe. Ndugu walioko Marekani hupenda kututumia vifaa hivi, na umeme wa huko ni wa volti 120 wakati wetu ni wa volti 230. Soma maandishi yaliyo kwenye chaja. Yakionyesha 100 hadi 240, chomeka bila wasiwasi. Yakionyesha 120 peke yake, ukichomeka utasikia harufu ya kuungua. Pili, uliza kama inatumia betri pia, maana umeme wetu tunaujua. Tatu, tazama kama kuna kizuizi kati ya maziwa na mpira mwembamba unaopitisha hewa. Kisipokuwepo, maziwa hupenya kwenye mpira huo, yakaota ukungu ambao huwezi kuufikia.

Siku hizi zipo pia pampu za kuvaa ndani ya sidiria, zisizo na waya. Mama wa Kiislamu anaweza kukamua akiwa amevaa baibui lake, na asiyejua asitambue. Faragha hiyo ni faida kubwa. Lakini vipande vyake vidogo ni vingi, vyote vinataka kuoshwa, na kikombe chake huchukua maziwa kidogo kuliko chupa ya kawaida.

Usidanganywe na muuzaji anayesifia nguvu. Mhandisi wa Sweden, Einar Egnell, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1950. Pampu aliyoibuni haikushikilia mvuto mkali mfululizo, ilivuta na kuachia, na mvuto wake ukawekewa kikomo ili titi lisiumie. Pampu nzuri za leo zinafuata msingi huo huo. Kukamua hakutakiwi kuuma. Kukiuma, kuna kitu hakiko sawa, na mara nyingi kitu hicho ni ukubwa wa faneli.

Faneli ni ile sehemu inayokaa juu ya titi. Wengi huipokea ile iliyokuja ndani ya boksi, ambayo mara nyingi ni ya milimita 24 au 28, wakadhani wanawake wote wana kipimo kimoja. Sivyo. Chuchu inatakiwa iingie kwenye mrija wa faneli na kwenda mbele na nyuma kwa uhuru, bila kusugua kuta za mrija. Ikisugua na kuwa nyeupe au kuvimba, faneli ni ndogo. Ikiwa sehemu kubwa ya lile duara jeusi linaloizunguka chuchu nayo inavutwa ndani, faneli ni kubwa. Kwa hiyo nunua aina ya pampu ambayo faneli za vipimo tofauti zinapatikana.

Na vali je? Hii ni ile ngozi nyembamba ya mpira inayofunguka na kufunga wakati wa kuvuta. Ikichoka au ikichanika kidogo tu, mvuto unapungua. Mama anaona maziwa yamepungua, anadhani yamekauka, anaingiwa na huzuni na kununua maziwa ya kopo, kumbe kilichokwisha ni kipande cha mpira. Kabla ya kulipa, uliza kama vali za akiba zinauzwa. Jibu likiwa hapana, tafuta aina nyingine.

Mtihani wa mwisho ufanyie hapo hapo kaunta. Mwombe muuzaji aifungue yote mbele yako. Kila sehemu itakayogusa maziwa itoke, uione ndani kwa macho yako, na brashi ndogo iweze kupita.

Pampu ya wifi yako

Wifi amemaliza kunyonyesha, pampu yake iko kabatini, kwa nini ipotee? Moyo huo ni mzuri, lakini pampu nyingi zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa mtumiaji mmoja. Maziwa na vijidudu huweza kuwa vimeingia sehemu za ndani ya mashine ambazo hazifunguki, na kubadilisha faneli na chupa hakuzifikii sehemu hizo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inakataza kuchangia pampu za namna hiyo, na ndivyo ilivyo kwa zile zilizotumika zinazouzwa mitumbani. Zile mashine kubwa za hospitali ni tofauti. Zimetengenezwa kutumiwa na wengi, na kila mama huwa na vifaa vyake mwenyewe vya kuunganisha. Pampu ya mkono inayofunguka yote, ambayo kila kipande chake kinachemshika, haina sehemu ya siri ya namna hiyo, ingawa hata hiyo ningependa uibadilishe vali zake.

Kilichotokea Pennsylvania

Mwaka 2016, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati alipata maambukizi makali sana ya bakteria aitwaye Cronobacter. Wachunguzi wa afya walipofuatilia, walimkuta bakteria huyo kwenye pampu ya mama, kwenye maziwa yaliyokamuliwa na kwenye sinki la jikoni. Mama hakuwa mchafu. Vifaa alikuwa akiviloweka kwenye maji ya sabuni kwa saa kadhaa, kisha akivisuuza na kuvikausha. Hakuwa akivisugua wala kuvichemsha. Baada ya tukio hilo, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitoa mwongozo maalumu wa kuosha pampu.

Fikiria wangapi kati yetu hufanya hivyo hivyo. Tunaloweka kwenye beseni la vyombo pamoja na sufuria ya mchuzi, tukirudi jioni tunasuuza, tunahesabu kazi imekwisha. Kuloweka si kuosha. Maji ya uvuguvugu yenye mabaki ya maziwa ni bwawa la kufugia vijidudu.

Mwongozo ule unatekelezeka hata katika nyumba isiyo na sinki. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote. Kila baada ya kukamua, fungua vipande vyote vilivyogusa maziwa na uvisuuze kwa maji yanayotiririka, hata ya kumiminwa kwa jagi. Uwe na beseni dogo na brashi ndogo kwa kazi hii peke yake. Beseni la kufulia lisiingie hapa, wala lile la nyanya. Osha kwa maji ya moto na sabuni, ukisugua kila pembe. Suuza tena kwa maji safi, kisha viweke juu ya kitambaa safi vikauke vyenyewe kwa hewa, mbali na vumbi na nzi. Usivifute kwa kitambaa cha jikoni, kwa sababu kitambaa hicho kimeshafuta mengi. Kisha osha beseni na brashi navyo vikauke.

Mara moja kwa siku vichemshe vipande hivyo kwenye sufuria yenye maji ya kuvifunika, na maji yakishachemka hesabu dakika tano. Hili ni la lazima zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, aliyezaliwa njiti, au mwenye kinga dhaifu. Ule mpira wa hewa usiuoshe kama maziwa hayakuingia, kwani maji yaliyobaki ndani yake huleta ukungu.

Na kazini je, ambako maji ya kuoshea ni ya shida? Akina mama wengine huwa na seti mbili au tatu za vifaa, wakavibeba vikiwa safi na vikavu kwenye chombo chenye mfuniko, na vilivyotumika wakavirudisha nyumbani kwenye mfuko mwingine. Ni gharama zaidi, lakini ni afadhali kuliko kutumia tena kifaa kilichosuuzwa kwenye bomba la chooni.

Maziwa yakishakamuliwa

Vitabu vinasema maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa nje ya friji hadi saa nne, lakini joto linalokusudiwa ni nyuzi 25 au chini yake. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari joto hilo hulioni mchana. Kwa hiyo usiyaache mezani. Yaingize kwenye friji mara moja, au yaweke kwenye deli dogo lenye vipande vya barafu vilivyoganda vizuri, ambamo yanaweza kukaa hadi saa 24. Kwenye friji, kwa nyuzi 4, yanakaa hadi siku nne. Yaweke ndani kabisa, yasikae kwenye mlango unaofunguliwa kila dakika. Kwenye friza yanakaa vizuri kwa kiasi cha miezi sita. Umeme ukikatika na maziwa yakayeyuka, yahamishie kwenye friji na uyatumie ndani ya saa 24. Usiyagandishe tena.

Anayebaki na mtoto, awe bibi au dada wa kazi, aelezwe mapema kwamba maziwa haya yakikaa hujitenga, mafuta yakapanda juu na maji yakabaki chini. Hayajaharibika. Ayazungushe taratibu ndani ya chombo, yatachanganyika. Ni maziwa mangapi mazuri yamemwagwa kwa kutojua hili! Kuyapasha, chombo kikalishwe kwenye bakuli la maji ya moto, yasichemshwe jikoni wala kuwekwa kwenye maikrowevu. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo akiwa amekalishwa wima, kikombe kiguse mdomo wa chini naye ayavute mwenyewe kwa ulimi. Chupa yenye chuchu ya mpira ni ngumu kuosha, na baadhi ya watoto wakiizoea hulisumbua titi. Yaliyobaki kwenye kikombe yatumike ndani ya saa mbili, la sivyo yamwagwe.

Andika jina juu ya chupa

Hapa, ndugu msomaji, pana jambo ambalo wenzetu wasio Waislamu hawalifikirii. Katika friji moja ya ofisi, ya shule au ya wodi, zimekaa chupa mbili zinazofanana. Dada anachukua isiyo yake. Kwao ni kosa dogo. Kwetu sisi kunyonya kunajenga undugu, na Suratun-Nisaa, aya ya 23, imewataja mama na dada wa kunyonya miongoni mwa walioharamishwa kuoana nao. Kwa wanachuoni walio wengi, maziwa yaliyokamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe hukumu yake ni sawa na ya kunyonya titi, mtoto akiwa chini ya miaka miwili. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, yanahesabu manyonyo matano mbalimbali. Maliki na Hanafi wanahesabu hata kidogo.

Kwa hiyo kila chupa iandikwe jina la mama, tarehe na saa, kwa kalamu isiyofutika. Ikitokea kuchanganya, wasifichane. Mama wote wawili waambiwe siku hiyo hiyo, familia ziandike nani alikunywa maziwa ya nani na mara ngapi, kisha wamuulize sheikh wao. Baada ya miaka 20 hakuna atakayekumbuka kilichokuwa ndani ya friji. Waende na hospitali mapema pia, kwa kuwa virusi vya UKIMWI hupita kwenye maziwa. Vivyo hivyo kwa jirani mwenye maziwa mengi anayejitolea kumsaidia mtoto wa mwenzake. Ni wema mkubwa, ila ufanyike baada ya vipimo, kwa kujulikana na kwa maandishi.

Mengine ambayo akina mama huulizana ni mepesi. Maziwa ya mama ni twahara, yakimwagikia nguo unasali nayo. Kukamua hakuvunji udhu katika madhehebu yetu, wala hakufunguzi saumu.

Kiasi gani kinatosha

Mtoto wa mwezi mmoja hadi miezi sita hunywa kwa wastani kiasi cha mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima, usiku na mchana. Ukigawa, ni kama mililita 30 kwa saa. Ukiwa mbali saa kumi, mwachie kiasi cha mililita 300, zikiwa katika vyombo vitatu au vinne. Huhitaji friza iliyojaa. Unachokamua leo kazini ndicho atakachokunywa kesho.

Anza mazoezi wiki mbili hivi kabla ya kurudi kazini, asubuhi baada ya mtoto kunyonya. Mara ya kwanza utaona maziwa yamefunika kitako cha chupa tu. Ni kawaida. Pampu haipimi maziwa uliyonayo, na mtoto anatoa zaidi ya mashine yoyote. Wasiwasi nao huyazuia maziwa kushuka, kwa hiyo kaa ukiwa umetulia, na picha ya mtoto au nguo yake mkononi, na dhikri mdomoni. Kazini kamua mara mbili au tatu. Usiruke. Titi likijaa na kuachwa huwa gumu, na likianza kuwa jekundu na la moto, ukapata na homa, nenda hospitali bila kungoja kesho, huku ukiendelea kunyonyesha.

Usiku mtoto alale karibu nawe na anyonye anavyotaka, maana usiku mwili hutoa kwa wingi homoni inayotengeneza maziwa. Jioni ukiwa njiani mpigie simu dada wa nyumbani asimpe kikombe kingine, ili ukifika umkute ana njaa. Utakapoingia mlangoni huenda mtu akakuambia uyakamue kwanza na kuyamwaga, kwamba umeshinda juani na maziwa yamechacha. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Nawa mikono, kaa, mnyonyeshe.